Bia kuchacha upesi si lazima iwe imeharibika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwajibu wasomaji wanaotengeneza bia nyumbani ambao huingiwa na hofu, na wengine hata kumwaga pombe yote (hasara ya bure, kwa maoni yangu), wanapoona povu limepanda kwa kishindo na kutulia kabla ya siku 2 kwisha. Kasi hiyo peke yake si dalili ya kuharibika. Hamira nyingi iliyo hai, ikitiwa katika maji ya kimea yenye joto la nyuzi 24 au zaidi, humaliza sehemu kubwa ya sukari kwa muda mfupi sana. Na ipo hamira ya kienyeji ya Norwei, iitwayo kveik, ambayo hufanya kazi vyema hata kwenye nyuzi 35.

Kwa hamira za kawaida, hata hivyo, joto kubwa la siku za mwanzo huzaa alkoholi nzito zenye ladha kali, na kasoro hiyo haiondoki kwa urahisi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni haraka ya kujaza chupa. Mapovu kukoma kwenye mrija wa kutolea gesi hakuthibitishi kwamba sukari imekwisha, kwani huenda mfuniko unavujisha gesi hiyo tu. Haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa pombe unaopungua kadiri sukari inavyokwisha, ndiyo ya kuaminiwa: ikionyesha kipimo kile kile kwa siku 2 au 3 mfululizo, chupa zijazwe, vinginevyo, gesi itakayoendelea kuzalishwa ndani yake inaweza kuzipasua na kumjeruhi mtu.

Msomaji wako