Avwani ya ngombe, naweza kusagia uji?

Bamama banakuya kwa depo yetu hapa Goma, banaangalia mufuko ya avwani (avoine, Bangereza banaita oats) tunauzisha ya ngombe, kisha banauliza: hii si njo ile ya paketi, nikiipeleka kwa masini ya kusaga siwezi kupikia mutoto uji? Mama, hapana. Nafaka iko moja, lakini kuko ganda.

Ngano ukiipiga ganda inaachia. Avwani ya kawaida ganda inashika punje, na mu kilo moja ganda peke yake inaweza kuwa gramu 250 mpaka 300, masini ya kartie inasaga yote pamoja, uji inakwaruza mutoto koo. Kwa uzine banatoa ganda, kisha banapitisha punje kwa mvuke ya moto juu avwani iko na mafuta mingi kupita ngano, bila mvuke bunga inakuwa buchungu mbio. Na bapapa benye kolesteroli: betaglukani, nyuzinyuzi ya avwani yenye inashusha kolesteroli (gramu 3 kwa siku njo inasaidia), iko ndani ya punje, msitafune maganda bure!

Ngombe na mbuzi ganda haibasumbue. Kuku ya nyama ubawekee kidogo tu, tumbo yao haiwezi kuyeyusha.

Mbegu yetu ni ile Bazungu banapanda mwezi wa 3 ao wa 4, theluji ikiisha. Haiombe baridi kali mbele ya kutoa kichwa, njo maana inatufaa. Inapenda mvua na hewa ya baridi kidogo, basi Masisi kule juu sawa kabisa, lakini mutu wa bonde ya Ruzizi tunamwambia apande mahindi tu, hata kama tunapoteza kliya, juu jua kali punje ikiwa inajaa inakuachia ganda tupu.

Wewe mwenye kulishia ngombe ya maziwa, usingoje punje ikauke, kata vichwa vikianza kutoka, ukichelewa shina inakuwa ngumu. Na usizidishe mbolea, inarefuka mvua inailaza.

Ukinunua punje usidanganywe na urefu. Jaza kopo ya litre moja bila kushindilia, upime: ya muzuri inafika gramu 500 hivi, ikiwa 400 umelipia maganda. Balansi iko pale kwa mulango, kuya na kopo yako.

Kuko na varyete ingine ganda inaanguka yenyewe ukipiga, hiyo njo ya jikoni na ya vifaranga. Haiko mu stoki, mwenye anaitaka aseme mbele ya mwezi wa 9.