Barua ya wazi kwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam: wachoraji tunaomba bustani

Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia kuhusu bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribishia mazao ya biashara.

Mwaka huohuo, kule Giverny, Ufaransa, mchoraji Claude Monet alimwandikia mkuu wa mkoa wake akiomba ruhusa ya kuchepusha maji ya kijito ili apate bwawa. Wanakijiji walipinga, wakihofia mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji yao. Mwishowe ruhusa ilitoka. Akapanda mayungiyungi, akayachora karibu miaka 30, picha zipatazo 250. Zile kubwa kabisa alizoikabidhi nchi yake zilifunguliwa kwa umma mjini Paris mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo chake. Yote hayo yametokana na bwawa moja na kibali cha kiongozi mmoja!

Mheshimiwa, mchoraji hana haja ya mandhari mapya kila siku. Anataka mti uleule, auone alfajiri, auone jua la utosi, auone vuli ikishanyesha. Ndipo anapogundua kwamba majani machanga ya mwembe hutoka na wekundu kabla hayajawa kijani, na kwamba jani la mgomba likipigwa jua kwa nyuma huwaka kama taa. Picha ya simu haimfundishi mtu hayo.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo wake wa kuchora wanyama mwaka 1968 hakuwa na wa kumwiga. Leo naona vijana wenye vipaji wakinakili twiga wa wenzao, na siwalaumu hata kidogo: wanaishi chumba kimoja, kodi inawasubiri, na mjini hapa hawana pa kukaa wakautazama mti kwa saa tatu.

Tunaomba asubuhi moja kila wiki. Wachoraji, washairi na wanafunzi waingie na rangi zao na daftari zao, bila ada. Mabenchi machache yawekwe kivulini, na kila mti upewe kibao chenye jina lake la Kiswahili. Usafi wa tutakapokaa ni juu yetu. Picha za mwaka wa kwanza tutazitundika katika Ukumbi wa Karimjee, ukituruhusu, wananchi waje wazione bure.

Wako mtiifu,
Mchoraji, Ilala