Roboti mwenye chale getini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mchoraji wenu wa katuni, pamoja na mwandishi wa ukurasa wa burudani.

Makala yenyewe, ile inayohusu tamthilia ya Waingereza iitwayo Humans, niliisoma mpaka mwisho na sikuwa na ugomvi nayo mkubwa. Kilichonikera ni katuni mliyoiweka pembeni. Roboti amesimama getini usiku, rungu mkononi, mdomo umetokeza mbele, na kwenye mashavu yake ya bati amechorwa chale. Chini mkaandika: "Huyu hachoki, hali, wala haombi mshahara." Msomaji wa Mtwara hahitaji kuambiwa roboti huyo ni wa kabila gani: ni Mmakonde, kama mimi.

Babu yangu alilinda mageti Dar es Salaam. Nembo, ndizo chale zetu, alikuwa nazo usoni, tangu jandoni. Alichoka, alikula kilipopatikana, na mshahara aliuomba mara nyingi kuliko alivyoupata.

Tamthilia nimeiangalia. Binti yangu anayesoma chuo aliileta kwenye flashi, tukawa tunaitazama jioni umeme unapokubali (gesi ya Mnazi Bay ni ya kwetu, umeme tunausubiri kama wengine), naye ananitafsiria pale Kiingereza kinaponishinda. Ilirushwa misimu mitatu, kuanzia 2015 hadi 2018, na chimbuko lake ni tamthilia ya Uswidi ya 2012. Humo roboti wenye sura za watu wanauzwa dukani. Wanapika, wanafua, wanaokota takataka, wanatunza wagonjwa. Familia ya Hawkins inanunua mmoja na kumwita Anita, kumbe jina lake ni Mia, na ni miongoni mwa wachache waliotengenezwa wakiwa na fahamu zao: wanajijua kwamba wapo, wanaogopa, wanaumia.

Mwandishi wenu anasema hapo hakuna ubaguzi wa kujadili, maana chuma ni chuma, hakina roho. Mimi ni mchonga vinyago, mtu wa mwisho kubishana naye. Gogo la mpingo ninalianza kwa tezo, natoa ule weupe wa nje mpaka nikute weusi, nashusha patasi, na macho nayaacha mwisho kabisa. Kabla sijatia macho, mteja huligeuzageuza gogo lile kama anachagua muhogo sokoni. Nikishatia macho, mikato miwili tu ya patasi ndogo, mteja yule yule anakishika kinyago kwa mikono miwili, na wapo wanaokiambia samahani kikigonga meza. Ndani ya gogo hakijaingia kitu. Aliyebadilika ni mteja. Kwa hiyo nakubali kwamba sura haithibitishi kuwa ndani kuna mtu. Ila basi tukubaliane pia kwamba sura haiwezi kuthibitisha kuwa ndani hamna, na kwa miaka mingi nyuso za wazee wetu zimesomwa hivyo hasa: ukiona chale, hamna mtu humo, kuna mlinzi.

(Wazee wa Kimakonde wanasimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, haogi wala hanyoi, akachonga sanamu ya mwanamke akaisimamisha, usiku ikapata uhai, akawa mkewe. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wakiwa bado wanaishi bondeni, wakapanda uwandani juu, wa tatu akakaa. Kwa hiyo mkituchora roboti, kwa upande wa bibi yetu mmepatia kidogo.)

Sasa tamthilia. Msimu wa pili kuna Niska, roboti mwenye fahamu aliyeua mtu, anajisalimisha mwenyewe akitaka ashtakiwe kama binadamu anavyoshtakiwa. Anaambiwa kwanza athibitishe kwamba anahisi. Mama wa ile familia, Laura, ambaye ni wakili, anamtetea. Hapo nilimwomba binti arudishe nyuma tuangalie tena, kwa sababu wanaompima wamekaa wamestarehe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutakiwa athibitishe kwamba yeye naye anahisi.

Msimu wa tatu ndio mzito. Fahamu zimesambazwa kwa roboti wa dunia nzima kwa mpigo, watu wengi wamekufa katika vurugu za siku ile, na roboti waliobaki, wale wenye macho ya kijani, wamefungiwa kwenye makambi yenye uzio. Wametolewa wapya wenye macho ya rangi ya chungwa, wasio na fahamu, ili wenye nyumba waendelee kuhudumiwa kwa amani. Mia anatoka kambini anakwenda kupanga katikati ya binadamu, akijua majirani hawamtaki. Mwisho kundi la watu linampiga mpaka anakufa.

Lakini nina neno na watengenezaji. Roboti wao karibu wote ni wazuri wa sura. Mia anaigizwa na Gemma Chan, na uso ule kila mtazamaji atauonea huruma kabla haujafumbua mdomo. Huruma ya namna hiyo haigharimu kitu. Walijaribu kidogo kwa Odi, roboti wa zamani aliyechakaa, anayesitasita kwenye maneno na kuangusha vitu, ambaye mzee George Millican anakataa kumtoa kwa sababu ndani yake zimehifadhiwa kumbukumbu za mkewe marehemu, na yeye mzee zinamponyoka. Odi alinigusa kuliko Mia. Natamani wangemweka yeye mbele.

Mwandishi wenu akiona haya ni mambo ya kubuni, nimpe yasiyo ya kubuni. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Wazee wao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Watoto wakazaliwa kule, na wajukuu, na makaburi yako kule, lakini kwenye karatasi hawakuwa raia. Bila kitambulisho hufungui akaunti benki, husajili laini ya simu, huajiriwi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata, Oktoba 2017, roboti anayeitwa Sophia, kazi ya kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, alitangazwa jukwaani mjini Riyadh kuwa raia wa Saudia. Hakutembea hatua moja. Hakuulizwa babu yake alizikwa wapi.

Najua jibu mtakalonipa: ni utani tu, mzee, Wamakonde mmekuwaje? Utani naujua. Mtani wangu hunicheka hadharani mpaka msibani, anaweza kukalia jeneza akadai hela, halafu ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Nami namcheka vile vile, wala hana pa kunishtaki. Mchoraji wenu yeye ni mtani wangu kwa upande gani? Mimi katuni yake nitaichorea wapi?

Nina ombi moja. Barua hii ichapeni ukurasa ule ule ilipokaa katuni. Na mchoraji, kama ana safari ya huku, apite Mikindani nimwonyeshe picha ya babu. Nembo zina mpangilio, mstari unajibu mstari na shavu linajibu shavu. Alizochora yeye ni mikwaruzo. Akitaka kuchora chale ajifunze kuzichora, nitamfundisha bure, ila patasi aje na yake.

Mchonga vinyago,
Mikindani, Mtwara