Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchunguzi wa Watu Waliotoweka

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Sisi jamaa tumesoma hadidu za rejea za tume yako. Vikao vya hadhara vimo, ripoti ya mwisho imo. Kuchukua sampuli za vinasaba za wazazi hakumo.

Tunaomba kazi hiyo itangulie kikao cha kwanza. Kesi hizi ni za miaka mingi, na mama aliyekwenda kuripoti akiwa na nguvu zake leo ni kikongwe. Akifariki kabla hajatoa damu au mate, mifupa itakayofukuliwa baadaye huenda ikakosa wa kulinganishwa naye. Binamu husaidia, lakini hawafikii mzazi. Argentina ililiona hilo mapema: mwaka 1987 ilitunga sheria ya benki ya taifa ya vinasaba, ili wajukuu walioporwa wakiwa wachanga kutoka kwa wazazi waliotoweshwa chini ya utawala wa kijeshi waweze kutambuliwa hata bibi zao wakishazikwa. Na huko Bosnia, wauaji wa Srebrenica, mji ambako maelfu ya wanaume na wavulana Waislamu waliuawa mwaka 1995, walifukua makaburi ya halaiki kwa mitambo na kuhamisha maiti ili kuficha ushahidi, hata mabaki ya mtu mmoja yakapatikana katika makaburi tofauti. Damu ya jamaa ndiyo iliyowarudishia maelfu majina yao.

La pili ni gumu zaidi. Wanaojua mtu alizikwa wapi mara nyingi ndio wanaoogopa kizimba. Mwaka 1999 Uingereza na Ireland ziliunda tume ya kutafuta waliotoweshwa katika vita vya Ireland Kaskazini, na sheria ikasema taarifa itakayopelekwa huko haitatumika kama ushahidi mahakamani. Haukuwa msamaha, ushahidi uliotoka kwingine uliweza bado kumfunga mtu. Miili kadhaa ikapatikana. Wapo miongoni mwetu watakaokataa mpango huo, na siwalaumu. Waulizwe wao kwanza, si mawakili wa serikali.

Kuhusu majalada: jibu la “limepotea” lisipokelewe bila jina la ofisa wa mwisho aliyelisaini. (Ajabu ni jinsi yanayopotea yanavyokuwa yale yenye majina ya wakubwa.)

Tunaomba ratiba ya kuchukua sampuli itangazwe kabla ya ratiba ya vikao, na wahudumu wawafuate wazee majumbani. Wengi hawawezi tena kupanda ngazi za ofisi yako.

Wako,
Ndugu wa mmoja wa waliotoweka