Kwa wanangu mnaosomea sheria: msikidharau kiapo

Wanangu,

Nawasikia mkisema kwamba babu zetu hawakuwa na sheria, walikuwa na dini na hofu tu. Kauli hiyo inaniuma, kwani kwao sheria na dini zilisokotwa kamba moja, nanyi mnataka kuufumua uzi mmoja muutupe.

Watazameni Wagikuyu. Mashahidi walipopingana na wazee wakashindwa kumjua mkweli, wadai waliletwa kuringa thenge: beberu alipigwa akavunjwa mifupa, na kila mmoja akaapa kwamba akisema uongo naye avunjike vivyo hivyo. Hapakuwa na polisi wala jela. Kazi kubwa ya kiapo, kwa jinsi ninavyoielewa, ilifanyika kabla ya siku yenyewe: anayejua moyoni kwamba shamba si lake anawatazama wanawe waliolala, anawaza laana itakayowafikia, kisha anaamka kumtafuta mzee ampatanishe. Ni hakimu gani leo mwenye uwezo wa kumfikia mtu usingizini?

Kwa Waigbo wa Nigeria, kumwaga damu ya ndugu wa ukoo lilikuwa chukizo kwa Ala, mungu wa ardhi. Muuaji alikimbia, na fidia peke yake haikutosha. Ardhi yenyewe ilipaswa kutakaswa.

Wala sisemi yote yalikuwa mema. Palikuwa na mwavi. Mtu aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa sumu; akitapika yu safi, akifa amehukumiwa. Wangapi wasio na hatia walizikwa hivyo, tena wakiitwa wachawi hadi kaburini? Hilo msilitetee kamwe, hata kwa jina la mila.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki, yaani sura ya katiba hiyo inayolinda haki za kila mtu, wala kuchukiza haki na maadili. Mlango uko wazi, na mlinzi amesimama pale pale. Mtakaoingia ni ninyi.

Kwa hiyo ndugu wawili wakiwajia na kesi ya shamba la baba yao, kabla ya kufungua jalada waulizeni: mzee alipogawa ardhi aliapisha nani, mbele ya nani, na kwa kitu gani? Kisha nyamazeni, muwasikilize wanavyojibu.