Risala ya Klabu ya Historia kwa mgeni rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa mgeni rasmi, Hakimu wa Mahakama ya Wilaya; Mkuu wa Shule; mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule; walimu wetu; wazazi na walezi; wanafunzi wenzetu; itifaki imezingatiwa.

Wakubwa wetu, shikamooni. Wenzetu, habari za asubuhi.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu wakati majalada yanakusubiri mezani. Karibu sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kila mwaka klabu yetu huchagua mada moja iliyo nje ya muhtasari wa masomo, tukaisoma, tukaichorea mabango, kisha tukaifanyia mdahalo. Mwaka huu wanachama walitaka wanawake watawala wa zama za kati. Tulianza na orodha ndefu: Razia wa Delhi, Arwa wa Yemen, Matilda aliyegombea kiti cha Uingereza. Mlezi wa klabu akaitazama, akatuambia kwamba majina mengi hivyo yanafaa kwa maswali ya chemsha bongo, tutafute mahali pamoja tuchimbe. Tukachimba siku chache tu za mwanzo wa Mei 1250. Katika siku hizo Misri ilikuwa mikononi mwa mwanamke, mji wa Damietta uliokuwa umetekwa na Wafaransa ulikuwa mikononi mwa mwanamke mwingine, na Ufaransa yenyewe ilikuwa ikitawaliwa na wa tatu. Wote watatu walikuwa ndani ya vita vimoja.

Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa aliteka Damietta, kwenye mlango wa mto Nile, Juni 1249. Sultani wa Misri, al-Salih Ayyub, alikuwa mgonjwa sana, na Novemba mwaka huo akafia kambini Mansura, adui akiwa njiani. Mrithi wake, Turanshah, alikuwa mbali huko Hisn Kayfa, upande wa juu wa mto Tigris. Jeshi likijua sultani amekufa, lingetawanyika.

Hapo ndipo anapoingia Shajar al-Durr. Alianza maisha kama kijakazi, akawa suria wa sultani, akamzalia mtoto wa kiume, Khalil, aliyefariki angali mdogo. Yeye na watu wachache aliowaamini, akiwemo jemadari Fakhr al-Din na towashi mmoja wa ikulu, waliamua kifo kile kifichwe. Mwili ulisafirishwa kwa siri kwa mashua hadi ngome ya kisiwa cha Rawda, Cairo. Huku kambini chakula kiliendelea kuingizwa hemani kama kawaida, na amri ziliendelea kutoka zikiwa na mwandiko wa sultani. Anayeuliza aliambiwa sultani anaumwa, haonani na watu. Tulipoigiza sehemu hii darasani, mwenzetu aliyebeba sinia la chakula alishindwa kujizuia kucheka. Aliyelibeba sinia lile mwaka 1249 hakuwa na nafasi hiyo. Siri ilianza kuvuja mapema, na wakubwa kadhaa walishahisi, ila kuhisi na kutangaziwa ni mambo mawili, na katikati ya mambo hayo mawili Shajar al-Durr aliipatia Misri takriban miezi mitatu.

Februari 1250 Wafaransa walivamia Mansura wakapigwa vibaya ndani ya vichochoro vya mji. Fakhr al-Din naye alikufa katika mapigano hayo. Turanshah akawasili, na Aprili Mfalme Louis akatekwa pamoja na jeshi lake. Lakini Turanshah aligombana na Wamamluk, askari wa baba yake waliotokana na watumwa, nao wakamuua tarehe 2 Mei. Kiti kikabaki wazi. Wamamluk wakamkalisha Shajar al-Durr.

Sasa tuhamie Damietta. Marguerite, mke wa Louis, aliachwa mjini akiwa mjamzito. Siku tatu baada ya kupata habari kwamba mumewe ametekwa, alijifungua. Bwana mmoja aliyetekwa pamoja na mfalme, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake, anasimulia kuwa malkia alikuwa na askari mzee wa miaka 80 akilala karibu na kitanda chake, na akamwomba jambo moja: mji ukitekwa, amkate kichwa kabla hajashikwa. Mzee akamjibu kwamba alikwisha kuliwaza hilo yeye mwenyewe. Mtoto akaitwa Jean, na kwa ajili ya huzuni ya wakati ule akabandikwa jina la Tristan.

Siku ileile ya kujifungua, malkia alisikia kuwa watu wa Pisa na Genoa, miji ya Italia, wanataka kuuhama mji. Akawaita chumbani, akiwa bado kitandani, akawasihi wamwonee huruma yeye na kichanga chake. Wakamwambia wanakufa njaa. Akaamuru vyakula vyote vilivyokuwamo mjini vinunuliwe kwa gharama ya mfalme. Bwana yule wa kumbukumbu anasema gharama ilipita livre 360,000, livre ikiwa fedha ya Ufaransa ya wakati ule. Mama aliye uzazini, bila mume, bila jeshi la maana, aliuzuia mji usihamwe kwa kununua nafaka. Na laiti mji ungehamwa, mfalme asingekuwa na kitu cha kubadilishana na uhai wake, kwa kuwa mapatano yalikuwa Damietta irudishwe kwa ajili ya nafsi ya mfalme, na fedha, livre 400,000, kwa ajili ya watu wake. Nusu ilitakiwa kulipwa kabla hawajaondoka, na kuipima kwenye mizani kulichukua siku mbili. Wamisri walipomuuliza Louis kama malkia atakubali kulipa, alijibu kwamba hawezi kumsemea, kwa sababu malkia ni bibi yake, yaani mwenye amri juu yake. Baadhi ya wavulana wa shule jirani tuliyofanya nayo mdahalo walisema hiyo ilikuwa mbinu tu ya kupunguza bei. Inawezekana. Hata hivyo Louis aliachiwa tarehe 6 Mei, na Misri iliyopokea mji na fedha ilikuwa ikitawaliwa kwa jina la Shajar al-Durr.

Wa tatu ni Blanche wa Castile, mama yake Louis, aliyeshika Ufaransa tangu mwanawe aondoke mwaka 1248. Huyu tutamwelezea kwa ufupi kwani alikuwa mzoefu: aliwahi kutawala kwa niaba ya mwanawe tangu 1226. Mwaka 1251 makundi ya wachungaji yaliinuka yakidai yanakwenda kumkomboa mfalme. Mwanzoni aliwapokea, walipoanza fujo akaamuru watawanywe. Alifariki 1252 akiwa bado kazini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, lililotushughulisha zaidi ni yaliyowapata wawili wa kwanza baada ya hatari kupita. Shajar al-Durr alitajwa kwenye hotuba za Ijumaa na kupigiwa sarafu. Dinari yake mojawapo imehifadhiwa Makumbusho ya Uingereza, London. Sarafu zake zinamwita malkia wa Waislamu, na zinamtaja pia kuwa mama wa Mansur Khalil, yule mtoto aliyekwisha kufa. Aliyeokoa dola ilibidi aazime haki ya kutawala kwa marehemu mwanawe. Hata hiyo haikutosha. Khalifa wa Baghdad, al-Musta'sim, alikataa, na wanahistoria wa Misri wanasimulia kwamba aliandika kuwa kama Misri imekosa wanaume wamwambie, awapelekee mmoja. Baada ya siku kama 80 Shajar al-Durr alijiuzulu, akaolewa na jemadari Aybak, naye Aybak akawa sultani. Khalifa huyo mwenye wanaume wa kugawa aliuawa na Wamongolia mwaka 1258, Baghdad ikaangamia, na waliokuja kuwazuia Wamongolia hao huko Ain Jalut mwaka 1260 walikuwa Wamamluk wa Misri.

Marguerite naye, aliyeishika Damietta, hakuachiwa Ufaransa mumewe alipoondoka tena kwa vita mwaka 1270. Wanaume wawili waliteuliwa badala yake. Kwa maoni yetu, nyumba ilipowaka moto hakuna aliyeuliza mwenye ndoo ni nani.

Hatukusudii kumfanya Shajar al-Durr malaika. Mwaka 1257 Aybak alitaka kuoa binti wa mtawala wa Mosul. Akauawa akiwa hamamuni, na mikono iliyomuua ilikuwa ya watumishi wa mkewe. Wafuasi wa Aybak wakamkamata Shajar al-Durr, na tarikh zinasimulia kwamba vijakazi wa mke wa kwanza wa Aybak walimpiga kwa mitalawanda hadi akafa. Kaburi lake lipo Cairo mpaka leo, na ndani ya mihrabu yake umechorwa kwa vipande vya vioo mti wenye matunda ya lulu, kulingana na jina lake.

Mafanikio ya klabu kwa mwaka huu utayaona kwenye mabango ukutani. Changamoto zetu ni mbili. Vitabu vya historia ya zama za kati katika maktaba yetu ni vichache, na vingine havina kurasa za mwisho. Pili, tunaomba utusaidie kutafuta nauli ya kwenda Kilwa Kisiwani, ambako masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Baada ya mwaka mzima wa kutazama picha za sarafu za Misri, tungependa kusimama mahali zilipofuliwa za kwetu.

Ombi la tatu linakuhusu wewe binafsi. Tuliendesha kesi ya igizo dhidi ya Shajar al-Durr kwa kosa la kumuua Aybak. Upande wa mashtaka ulisema mauaji ni mauaji. Utetezi ulisema hakupewa nafasi ya kusikilizwa, na waliomhukumu ndio waliokuwa na uchungu naye. Jopo la kidato cha tano liligawanyika nusu kwa nusu. Tunafahamu kwamba mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, ila kwa leo utuvumilie. Mwenendo wa shauri uko mbele yako, umechapwa na kufungwa kwa utepe wa kijani. Tunaomba uamuzi kabla ya ugawaji wa zawadi, na upande utakaoshindwa umeahidi kutokata rufaa hadi baada ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.