Barua ya malalamiko: chupa ya bakteria na samaki 8 waliokufa

Bukavu, tarehe 11 Juni 2024

Bwana Meneja,

Mimi nina saluni ya wanawake hapa Nyawera. Tarehe 18 Mei nilinunua dukani kwenu tangi la lita 60, filta, samaki wa dhahabu 8 na chupa ya bakteria wa kusafisha maji ya tangi, vyote dola 140. Risiti ninayo. Nilimuuliza kijana wenu mara mbili kama samaki wanaweza kuingia siku hiyo hiyo. Akanijibu, "Mama, mwaga hii chupa, tia samaki, kazi imeisha." Kweli iliisha: tarehe 29 nilimtoa wa mwisho kwa kijiko.

Msiseme ni maji. Ya bomba niliyalaza kwenye beseni hadi kesho yake ili klorini itoke. Msiseme ni umeme pia, filta niliiunga kwenye batri.

Siku ya nne maji yalikuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Nikapiga simu. Kijana akasema nitoe sponji ya filta, niisugue chini ya bomba mpaka ing'ae. Nikatii. Kesho yake samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mteja mmoja akauliza kama siku hizi nafuga sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Nilicheka naye, lakini iliniuma.

Shemeji yangu anafundisha biolojia. Alikuja na dawa ya kupimia, akadondosha matone kwenye kichupa cha maji yale. Yangekuwa salama yangebaki manjano. Yakawa kijani kabisa. Amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, miligramu 4 kwa lita, wakati inatakiwa sifuri. Halafu akageuza chupa yenu na kunionyesha kitakoni: mwisho wa matumizi 02/2023. Nikakumbuka mnavyozipanga dirishani, jua la asubuhi likizichoma. Bwana Meneja, bakteria ni viumbe hai, si misumari.

Alinieleza jambo ambalo ninyi mnaouza mlipaswa kunieleza. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Wengi wao hushika kwenye sponji na changarawe. Kuwaotesha huchukua wiki 4 hadi 6, na kwa baridi yetu huenda zaidi. Kumbe wale wachache walioanza kushika niliwasugua mwenyewe nikawamwaga kwenye mfereji, kwa ushauri wenu!

Mngeniambia nisubiri, ningesubiri. Hata sasa nasubiri: kila asubuhi natupia chembe za chakula kwenye tangi lisilo na samaki ili bakteria waote, wateja wananitazama kama nimechanganyikiwa.

Naomba mnirudishie pesa ya chupa na ya samaki 8. Tangi na filta sina neno navyo. Chupa zilizopita tarehe ziondoeni dirishani, na kijana wenu afundishwe kwamba sponji huoshwa taratibu kwenye maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba.

Nitapita Ijumaa saa nne asubuhi, na risiti na chupa mkononi.

Mama wa saluni, Nyawera